Injini Iliyokingama: Kisa cha BMW X1 Mbili na Familia Moja ya Ruaka

Fungua boneti ya BMW X1 ya kizazi cha kwanza: injini imelala kwa urefu wa gari, na giaboksi inaifuata kwa nyuma hadi chini ya dashibodi. Fungua ya kizazi cha pili: injini imekingama, kutoka upande wa tairi la kushoto hadi la kulia, na giaboksi imebanwa ubavuni mwake. Jina ni lile lile na urefu wa gari unakaribiana mno, lakini chini ya bodi hayo ni magari mawili yenye ukoo tofauti kabisa.

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi hapa Nairobi. Kila X1 inapotajwa, nasikia swali moja: je, hii ya pili ni BMW kweli, au ni Mini, lile gari dogo linalotengenezwa pia na BMW, iliyovalishwa beji? Nimelisikia kwenye yadi za Ngong Road na gereji za Industrial Area, na nimewaona watu wakiacha gari linalowafaa kwa sababu ya jibu walilopewa na rafiki. Ninachochambua hapa ni kisa cha familia moja ya Ruaka iliyokuwa na X1 ya kwanza na kutaka kuhamia ya pili. Mume na mke walivutana, na hoja zao zilitulazimu turudi hadi kwenye uamuzi uliofanywa Munich, makao makuu ya BMW, miaka kumi na zaidi iliyopita.

Familia na gari lao

Ni watu watano: mume, mke, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi wa mume, ambaye alihamia kwao magoti yalipoanza kumsumbua. Gari lao lilikuwa X1 sDrive18i ya kizazi cha kwanza (sDrive ni jina la BMW kwa gari linaloendeshwa na matairi mawili tu), waliyoinunua hapa hapa nchini kwa mtu. Mume huliendesha kwenda kazini Upper Hill na kurudi. Mke ndiye anayewapeleka watoto shuleni, mama kliniki, na wote kanisani Jumapili. Mashambani kwao ni Murang'a, upande wa Kangema, na lami huisha kabla ya kufika nyumbani.

Mume alinipokea kwa sentensi moja: "Injinia, tafadhali usitupeleke kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele halafu useme ni BMW."

Mke hakubishana naye. Alinigeukia akasema, "Mimi nataka gari ambalo mama ataingia bila kubebwa. Hayo mengine mtajuana nyinyi wawili."

Nilichukua maneno yote mawili kwa uzito, kwa kuwa yote mawili yana msingi wa kifundi. Mume alikuwa anauliza nguvu inafika ardhini kupitia wapi. Mke alikuwa anauliza nafasi iliyomo ndani imegawanywaje. Katika gari dogo maswali hayo mawili hushikana, na huwezi kugusa moja bila lingine kusogea.

X1 ya kwanza ilitoka wapi

BMW walionyesha mfano wa X1 Paris mnamo Oktoba 2008, na gari lenyewe likazinduliwa Frankfurt mwaka 2009. Lilijengwa Leipzig. Hawakulianzisha kutoka patupu: walichukua msingi wa 3 Series, saluni ya BMW, ya wakati ule, na ndiyo sababu umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni ule ule, milimita 2,760. Injini kwa urefu, nguvu kwa matairi ya nyuma, au kwa yote manne ukinunua xDrive.

Ulikuwa uamuzi wa maana. Wakati huo gari dogo la kifahari la kujiinua kidogo kutoka barabarani lilikuwa bado si soko lenye msongamano. Audi Q3 na Range Rover Evoque zilifika 2011, Mercedes GLA ikafuata 2013. Kwa kutumia msingi uliokwisha lipiwa, BMW waliwahi, na wakauza zaidi ya magari 730,000 ya kizazi hicho. Wala halikuwa gari baya kuendesha. Ukiketi ndani unaketi chini, miguu imenyooshwa mbele, usukani ukizungumza nawe kama wa 3 Series. Mume alikuwa na haki ya kulipenda.

Sasa tazama gharama yake. Kwenye gari la injini ya urefu, ukianza kuhesabu kutoka bampa ya mbele unakuta rejeta, injini nzima, halafu giaboksi nzima nyuma ya injini, halafu propela shafti inayoelekea kwenye difu ya nyuma. Giaboksi hiyo inaingia katikati ya chumba cha abiria, na shafti inahitaji handaki kubwa sakafuni kutoka mbele hadi nyuma. Dereva na abiria wa mbele wanasogezwa nyuma ili mtambo upate pa kukaa, na wakisogea wao, anayebanwa ni yule wa kiti cha nyuma. Ongeza kwamba gari lilikuwa na kimo cha milimita 1,545 tu. Mtu wa magoti mabovu anapaswa kujishusha ndani kama anayeingia kwenye saluni ya kawaida, halafu wakati wa kutoka ajivute juu.

Nilimtazama mama akifanya hivyo nje ya geti lao. Alishika mpini wa mlango kwa mkono mmoja na bega la mjukuu kwa mwingine, akainamisha kichwa, akajiachia akaangukia kitini. Ilichukua muda, na uso wake ulisema yote.

Uamuzi wa kukingamisha injini

Mwaka 2010, Norbert Reithofer, aliyekuwa mkuu wa BMW, alieleza hadharani jambo lililowashtua mashabiki wengi: asilimia 80 hivi ya wenye 1 Series, gari dogo lililosukumwa na matairi ya nyuma, waliamini kwamba gari lao linavutwa na ya mbele. Maana yake ilikuwa nzito. Kampuni ilikuwa inatumia sentimita za thamani ndani ya gari dogo kulinda sifa ambayo wengi wa wanunuzi wa gari hilo hawakuitambua.

Ujuzi wa kutengeneza gari la kuvutwa mbele BMW walikuwa nao tayari. Walibaki na Mini baada ya kuachana na Rover mwaka 2000, na Mini mpya ilikuwa barabarani tangu 2001. Walichofanya ni kuunda msingi mmoja wa injini iliyokingama, unaoitwa UKL, utumike kwa Mini na kwa BMW ndogo. BMW ya kwanza yenye beji hiyo kuvutwa na matairi ya mbele ilikuwa 2 Series Active Tourer ya 2014. X1 ya pili ikafuata katikati ya 2015, ikitoka kiwanda cha Regensburg, na baadaye ikaunganishwa pia Born, Uholanzi, kwenye kiwanda ambacho tayari kilikuwa kinaunda Mini. Hiyo ndiyo faida ya msingi wa pamoja: laini moja ya kiwanda inaweza kupokea magari ya majina mawili.

Kwa hiyo mume alikuwa sahihi kwamba kuna undugu na Mini. Hilo si siri na si aibu. Swali ni undugu huo umewapa nini wanaoketi ndani.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie na tarakimu, maana hadithi nzima imo humo. Umbali kati ya ekseli ulipungua kutoka milimita 2,760 hadi 2,670, yaani sentimita 9 zilikatwa. Gari lenyewe likawa fupi kidogo, milimita 4,439. Kwa mantiki ya haraka, abiria wa nyuma angebanwa zaidi. Kinyume chake, nafasi ya magoti nyuma iliongezeka kwa milimita 37, na kwa kiti cha nyuma kinachosogezwa inaweza kufika 66 zaidi ya ile ya zamani. Buti ilitoka lita 420 ikafika 505. Gari fupi zaidi, ekseli zilizokaribiana zaidi, na watu wakapata nafasi kubwa zaidi.

Nafasi hiyo imetoka palipokuwa na mashine. Injini ikikingama, giaboksi inahamia ubavuni, na urefu ambao mtambo ulikuwa unakula kuelekea kwa abiria unarudi kwa abiria. Ukuta wa dashibodi unasogea mbele, viti vya mbele vinafuata, na aliyeketi nyuma anapumua.

Halafu wakainua paa hadi milimita 1,598, na viti pamoja nalo: vya mbele kwa milimita 36, vya nyuma kwa 64. Sentimita sita na nusu zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu ambaye goti lake halikunji kupita kiasi fulani, ndizo tofauti ya kuketi na kuanguka.

Tulimpeleka mama yadi Ngong Road siku ya kazi, asubuhi, kabla watu hawajajaa. Sikumweleza lolote. Mlango ulipofunguliwa aligeuza mgongo kuelekea kiti, akarudi nyuma nusu hatua mpaka ukingo wa kiti ukamgusa mapajani, akaketi. Kisha akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili. Hakushika mtu. Alipokaa sawa aliangalia mbele, magoti yake yakiwa mbali na kiti cha dereva, akamwambia mkwewe kwa Kikuyu kwamba hapa anaweza kuketi mpaka Murang'a. Mume alikuwa amesimama pembeni akiwa na funguo mkononi. Hakusema kitu, na sikutaka kumlazimisha aseme.

Silinda tatu, mwinuko wa Nairobi, na mstari wa ushuru

Injini za kizazi cha pili zilitoka kwenye familia mpya iliyojengwa kwa hesabu moja: kila silinda ni takriban cc 500. Tatu zikipangwa zinatoa cc 1,499, nne zinatoa 1,998. Vipuri vingi vinafanana, na injini fupi ya silinda tatu inakaa vizuri ikikingama. Silinda tatu kwa asili yake hutikisika, ndiyo maana ndani kuna shafti ya mizani inayozunguka kinyume kutuliza mtikisiko huo. Ukisimama kwenye taa bado utaisikia ikiwa na mlio wake. Mimi sioni kama ni kasoro, ila namwambia mnunuzi asikilize kabla ya kulipa.

Mume alikuwa na hoja yake hapa pia. X1 yao ya zamani ilikuwa na injini ya cc 2,000 yenye nguvu farasi 150. Ile ya sDrive18i mpya ina silinda tatu na nguvu farasi 136. "Tunalipa zaidi tupate kidogo?" aliuliza.

Jibu la swali hilo ni tofauti Nairobi na lilivyo Mombasa. Mji huu uko mita 1,700 na ushee juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Injini yao ya zamani haina tabo. Inavuta hewa kama ilivyo, na hewa ikiwa nyepesi nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Zile farasi 150 za kwenye kijitabu hubaki karibu 123 mtu akiwa Ruaka, na hupungua zaidi akipanda kuelekea Limuru. Injini mpya ina tabo, inayobana hewa kabla haijaingia kwenye silinda, kwa hiyo inaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Tena toki yake, ile nguvu ya kuzungusha, ni Newton mita 220 kuanzia mizunguko 1,250 kwa dakika. Ile ya zamani ni 200, na ilibidi uisukume hadi mizunguko 3,600 uipate yote. Kwenye foleni ya Limuru Road, ukiondoka, ukisimama, ukiondoka tena, mizunguko 3,600 ni ya nadra kuiona.

Tulipanda na sDrive18i mpya kuelekea Banana, watu wanne ndani. Mume mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Kwenye mwinuko hakuhitaji kukanyaga sana, na alikiri hilo. Lakini alipofungua mafuta akitoka kwenye kona alihisi usukani ukivutwa kidogo mikononi, na akaniambia hicho ndicho alichokuwa anakihofia. Ni kweli. Tairi linalokata kona na kuvuta gari wakati huo huo lina kazi mbili, na mkono unahisi. Wahandisi wamelipunguza jambo hilo mno, hawajalifuta. Anayeendesha kwa raha ya kuendesha amepoteza kitu katika kukingamisha injini, na sitamdanganya yeyote kwamba hakupoteza.

Kuna jambo lingine ambalo halikufikiriwa Munich kwa ajili yetu, ila limetuangukia vizuri. Ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoingizwa Kenya una mpaka kwenye cc 1,500: isiyozidi hapo asilimia 20, ikizidi asilimia 25. Ile injini ya cc 1,499 imepita chini ya mstari kwa cc moja. Na kwa kuwa gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka 8, X1 ya kwanza haishuki tena bandarini Mombasa. Zilizobaki zinauzwa mkono kwa mkono humu humu nchini. Kwa hiyo anayetaka kuagiza X1 kutoka Japani anaagiza ya injini iliyokingama, apende asipende, na nyingi ninazokutana nazo ni hiyo sDrive18i.

Mlima wa Kangema

Hadi hapo niliona sDrive18i inatosha, na mke alikuwa tayari kulipa. Nikauliza swali ambalo hulihifadhi mwisho kwa kila mwenye shamba: barabara ya mwisho ikoje?

Mume alieleza kipande cha udongo mwekundu kinachopanda kutoka barabara kuu mpaka nyumbani, kikali zaidi karibu na juu. Nilimwomba akienda wikendi aweke simu chini pale penye mwinuko mkubwa, atumie programu ya kupima usawa, anipigie. Alinipigia akiwa pale pale: digrii 11. Hiyo ni karibu asilimia 19, yaani kila mita 100 za mbele unapanda mita 19. Si mchezo.

Tukapiga hesabu pamoja, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyobadilisha ununuzi. Chukua gari limejaa: watu watano, viazi na ndizi kwenye buti, uzito ukiwa umegawanyika nusu mbele na nusu nyuma. Chukulia kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini. Kwenye mwinuko huo, asilimia 4 hivi ya uzito huhama kutoka matairi ya mbele kwenda ya nyuma. Mbele inabaki 46, nyuma inakuwa 54. Gari la kuvutwa mbele linahitaji mshiko, yaani nguvu ya kuvuta ikigawanywa kwa uzito ulio juu ya matairi yanayovuta, wa takriban 0.42 ili lipande bila kuteleza. La kusukumwa nyuma, kama lao la zamani, linahitaji 0.36. Linalotumia matairi yote manne linahitaji 0.19 tu.

Lami kavu hutoa mshiko wa 0.7 na zaidi, kwa hiyo mjini tofauti hizo hazionekani. Udongo mwekundu ulionyeshewa na kukanyagwa na magari hushuka chini ya 0.4 bila shida yoyote.

Hapa mume alikuwa na haki, na nilimwambia waziwazi: kwenye mlima wa kwao, X1 yake ya zamani inapanda vizuri kuliko sDrive18i mpya, maana mzigo unakandamiza matairi yale yale yanayosukuma. Lakini faida hiyo ni ndogo kuliko alivyoamini. Kutoka 0.42 hadi 0.36 ni hatua moja. Kutoka 0.36 hadi 0.19 ni ulimwengu mwingine. Kama mlima huo ndio unaomnyima usingizi, basi suluhisho lake halikuwa kurudi kwenye kusukumwa nyuma. Lilikuwa xDrive.

Mke alisikiliza hesabu yote, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa: "Na tumbo la gari?" Ni swali zuri kuliko hesabu zangu. X1 ya pili iko milimita 183 kutoka ardhini. Mifereji ya magurudumu ya lori la majani chai ikichimbika kupita hapo, gari litakalia tumbo hata likiwa na matairi kumi ya kuvuta. xDrive huongeza mshiko, haiongezi kimo. Walijua barabara yao: ni ya kuteleza, si ya kuchimbika, kwa kuwa maji hushuka kwa kasi. Ingekuwa Kinangop yenye tope la kusimama, ningewashauri gari la aina nyingine kabisa.

Jinsi xDrive hii inavyofanya kazi

Kwenye X1 ya kwanza, mfumo wa matairi manne ulikaa nyuma ya giaboksi na kwa kawaida uligawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Kwenye ya pili mambo yamepinduliwa. Gari ni la kuvutwa mbele kwa asili. Pembeni mwa giaboksi kuna gia inayochota mzunguko na kuupeleka nyuma kwa propela shafti nyembamba, na kabla ya difu ya nyuma kuna klachi ya sahani nyingi. Pampu ya umeme hubana mafuta ya klachi hiyo, sahani zinashikana, matairi ya nyuma yanaanza kusukuma. Kompyuta haisubiri uteleze kwanza. Inasoma kanyagio la mafuta, usukani na kasi ya kila tairi, na ukikanyaga kwa nguvu kutoka kusimama inabana mapema.

Napenda ubunifu huu, nasema bila kusita. Unamwachia mtu wa mjini gari jepesi na lenye nafasi, na kumpa mtu wa mlimani nguvu ya nyuma anapoihitaji. Umezaa pia jambo ambalo lingeuwia vigumu mpangilio wa zamani: mwaka 2020 ilitoka xDrive25e, ambamo silinda tatu zinavuta mbele na mota ya umeme ya kilowati 70 inasukuma nyuma, bila shafti yoyote kati yao. Na X1 ya tatu, ya 2022, ilibaki na injini iliyokingama, ikiwa na ndugu yake wa umeme mtupu, iX1. Waliodhani Munich watajuta na kurudi nyuma wamesubiri bure.

Bei ya xDrive kwa mnunuzi wa Kenya ni hii: kwa petroli, X1 za Japani zenye matairi manne huanzia 20i, cc 1,998. Ule mstari wa cc 1,500 umeruka, na asilimia 5 zaidi ya ushuru wa bidhaa inaingia kwenye hesabu, juu ya bei ya gari lenyewe ambayo ni kubwa zaidi. Unapata silinda nne, nguvu farasi 192, Newton mita 280 na giaboksi ya gia nane. Waliiwaza hesabu hiyo usiku mmoja. Asubuhi mke ndiye aliyepiga simu kusema watafute 20i. Alisema hataki kufika chini ya mlima na mama ndani ya gari halafu waanze kumtembeza kwenye matope.

Ukaguzi

Iliyopatikana ilikuwa yadi nyingine, imeshuka kutoka meli majuma machache kabla, bodi safi, ndani safi. Kwenye gari la aina hii mimi huanza na matairi kabla ya injini, na wauzaji hushangaa.

Nilichukua kipimo cha kina cha kashata. Mbele: milimita 3. Nyuma: milimita 6, tena ya kampuni nyingine. Muuzaji aliona ni jambo jema, kwani mawili ni karibu mapya. Kwenye gari la kuvutwa mbele pekee ningekubali nikasonga. Kwenye xDrive sikukubali. Tairi la 225/50 R18 lina nusu kipenyo cha milimita 341 hivi. Tofauti ya milimita 3 ni karibu asilimia 1, maana yake kwa kila kilomita 100 matairi ya mbele yanazunguka kama yaliyokwenda kilomita moja ya ziada. Klachi ya nyuma ikibana, haiwezi kuridhisha pande zote mbili, na sahani zinalazimika kuteleza na kupata joto, siku baada ya siku, bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.

Nililala chini ya gari na tochi. Bodi ya klachi ilikuwa kavu, hakuna jasho la mafuta kwenye mshono. Shafti ilizunguka bila mchezo kwenye viungo. Mafuta ya klachi hiyo niliandika yabadilishwe, maana historia ya gari haikuonyesha kama yaliwahi kuguswa, na ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua klachi nzima. Injini ilikuwa sawa, giaboksi ilibadilisha gia laini ikiwa baridi na ikiwa moto. Vishimo viwili vya mawe kwenye kioo cha mbele, tukavipiga picha.

Mume aliuliza kama inawezekana kulichukua na kuweka matairi baadaye, pesa zikipumua. Nikamwambia hapana, manne kwa pamoja, kampuni moja, saizi moja, kabla ya kutoka getini. Muuzaji alinung'unika, wakakubaliana kugawana gharama. Matairi yalifungwa alasiri ile. Nikapima tena yote manne, kipimo kikasoma sawa, nikawapa ripoti iliyotiwa sahihi.